Mwandishi wa riwaya na mwanamuziki wa roki wanapoandika tamthilia moja: wimbo ufanye kazi gani?

MshonaHadithi (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, na kwa miezi 3 sasa nimekuwa nikikutana kila Jumamosi na rafiki yangu anayeongoza bendi ya magitaa, tukitunga pamoja tamthilia ya muziki tunayotarajia kuipandisha jukwaani. Hadithi ni ya ndugu wawili walioachiwa jahazi moja na baba yao, na kila mmoja anaamini kwamba marehemu alimkusudia yeye. Mgawanyo wa kazi ulionekana rahisi: mimi niandike mazungumzo, yeye atunge nyimbo. Kinachotusumbua ni kwamba nikimpa onyesho la kurasa 6, Jumamosi inayofuata ananiletea wimbo wa dakika 4 ambao haugusi hata tukio moja kati ya yaliyomo katika onyesho hilo.

Nitoe mfano. Katika onyesho la tatu, yule mdogo anakwenda ufukweni usiku na kisu ili aikate kamba ya nanga, jahazi lichukuliwe na maji kuliko limwendee kaka yake. Nilitegemea wimbo wa kamba, kisu na maji kujaa. Nililetewa wimbo wa mtu anayeikumbuka mikono ya baba yake jinsi ilivyojaa sugu. Wimbo wenyewe ni mzuri. Mke wangu aliusikia mara moja tu kwenye simu, na kesho yake alikuwa akiuimba jikoni huku akichambua mchele. Lakini unapoanza, hadithi yangu inasimama palepale, na unapokwisha inanibidi niisukume upya kama gari lililozimika mlimani.

Katika kutafuta wenzetu waliopita njia hii, nimekuwa nikisikiliza albamu ya Ghost Brothers of Darkland County, iliyotoka mwaka 2013, ambayo inatokana na tamthilia iliyoandikwa na mwandishi wa riwaya Stephen King, muziki na maneno ya nyimbo vikiwa vya mwanamuziki wa roki John Mellencamp. Mimi nimezoea tamthilia za muziki ambazo mhusika akianza kuimba hajaamua jambo, na akimaliza kuimba ameshaamua. Humu sioni hivyo. Wahusika wanazungumza, kisha anaimba mmoja wao, kisha wanaendelea na mazungumzo kama vile hakuna kilichotokea. Je, huo ni udhaifu wa watu wawili wakubwa ambao kila mmoja alifanya kazi yake chumbani kwake, au ni jambo walilolikusudia? Na kama walilikusudia, linafaa kuigwa na wanaoanza kama sisi?

Nitawashukuru hasa waliowahi kushiriki katika kazi za namna hii.

Mwalimu wa Jukwaa

Ndugu MshonaHadithi, ahsante kwa kuuliza jambo lenye mwili. Nimefundisha maigizo kwa miaka mingi na kazi hiyo nimeitumia darasani, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Tuanze na asili yake, kwa sababu jibu la swali lako limo humo. Hadithi ile haikutoka kwa King. Ilitoka kwa Mellencamp, ambaye ni mzaliwa wa Seymour katika jimbo la Indiana, na ambaye alinunua nyumba ya mapumziko kando ya ziwa katika jimbo hilohilo. Baadaye alisimuliwa kwamba humo ndani, zamani, ndugu wawili waligombana, msichana akiwa kati yao, na kabla ya usiku kwisha vijana wote watatu walikuwa wamekufa. Mwanamuziki huyo akakaa na kisa hicho, akaona kwamba ni kikubwa kuliko wimbo mmoja, ndipo akamtafuta mwandishi ambaye jina lake linakwenda pamoja na nyumba zenye mizimu. Mazungumzo yao yalianza karibu na mwaka 2000. Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2012 katika ukumbi wa Alliance Theatre mjini Atlanta, ikiongozwa na Susan V. Booth, na T Bone Burnett akisimamia muziki. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati, halafu uitazame upya miezi yenu 3.

King alikihamishia kisa Mississippi na kukifanya cha vizazi viwili. Mwaka 1967 wanakufa ndugu wawili, Jack na Andy, pamoja na msichana aitwaye Jenna; mdogo wao Joe, ambaye wakati huo ni mtoto, anajua jambo asilolisema kwa mtu yeyote. Miaka 40 baadaye Joe ni mtu mzima mwenye wana wawili, Frank na Drake, nao wanachukiana vilevile, na sababu mojawapo ni msichana vilevile. Joe anawaita kwenye nyumba ileile ili hatimaye aseme. Waliokufa nao wamo humo ndani, wanasikia kila kitu na wanaimba. Zaidi ya hao yupo mhusika aitwaye The Shape, ambaye tukimwita Ibilisi hatutakuwa tumemkosea.

Sasa ona muundo huo ulivyo. Mtu mmoja ana siri, na mchezo mzima ni safari ya kumfikisha mahali pa kuitamka. Kila kinachosogeza hadithi ni maneno: nani kasema nini, nani kaficha nini, nani kakatizwa. Ukiiruhusu siri kama hiyo itoke ndani ya wimbo katikati ya mchezo, umeumaliza mchezo. Kwa hiyo usogezaji wa hadithi aliushika King katika mazungumzo, na nyimbo zikapewa kazi nyingine, yaani kuonyesha mtu ni wa namna gani pale asipolazimika kumjibu mwenzake. The Shape anapoimba "That's Me", ambao katika albamu umeimbwa na Elvis Costello, hakuna tukio linalotendeka, anajitambulisha tu. Lakini baada ya wimbo huo, kila anapopita nyuma ya kiti cha mtu, wewe uliyesikiliza unajua kilichomleta na yule aliyekaa hajui. Hapo wimbo umefanya kazi ambayo kurasa 6 za mazungumzo zisingeiweza.

Wala usidhani kwamba Mellencamp alifanya hivyo kwa kutojua kusimulia. Wimbo wake wa mwaka 1982, "Jack & Diane", una vijana wawili, mji wao mdogo na ndoto zao, na yote yanakwisha kwa dakika 4 hivi. Mtu wa namna hiyo angeweza kukusimulia njama nzima kwa nyimbo kama angetaka. Isitoshe, King hakuwa mwandishi wa kwanza wa riwaya kufanya naye kazi, kwani filamu aliyoiongoza na kuicheza mwenyewe mwaka 1992, Falling from Grace, iliandikwa na Larry McMurtry. Alikuwa ameshaonja maana ya kumwachia mwandishi kazi ya uandishi.

Kwa upande wa King kuna jambo ambalo huwa nalisisitiza sana kwa wanafunzi. Riwaya yake ya kwanza iliyochapishwa, Carrie, ya mwaka 1974, iligeuzwa na watu wengine kuwa tamthilia ya muziki, ikafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1988 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 7, na baada ya uzinduzi ilichezwa mara 5 tu ikafungwa. Walioishughulikia walikuwa na riwaya iliyokwisha, ambayo kila tukio lake lilikuwa limeshakamilika bila kuhitaji wimbo, nao wakawa wanatafuta mahali pa kupachika nyimbo. Ghost Brothers haikuwahi kuwa riwaya. Iliandikwa tangu mwanzo ikijua kwamba mtu atasimama aimbe. Hilo peke yake linaifanya kazi yenu ifanane na hiyo kuliko na Carrie, na mshukuru Mungu kwa hilo.

Kuhusu mikono ya baba, ndugu yangu, nadhani rafiki yako amekuandikia wimbo sahihi. Kijana anayekwenda kukata kamba iliyosukwa na mikono hiyohiyo hahitaji kutuimbia kisu. Kisu tunakiona.

Besi_Nne

Shikamoo Mwalimu. Nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kwa heshima zote naona umeipendelea albamu. Nyimbo zake zikichukuliwa mojamoja ni nzuri, na ule wa "Tear This Cabin Down" alioimba Taj Mahal ningeusikiliza hata kama haungekuwa wa mchezo wowote. Lakini zikipangwa mfululizo, utasikia kwamba nyingi zinasema jambo moja, "mimi ndivyo nilivyo, usijaribu kunibadilisha", na mtu wa nne anapokuja kusema hivyo masikio huwa yamechoka. Wimbo wa tabia una hatari hiyo. Kila mhusika anastahili wake, na kabla hujajua una nyimbo 20 na hakuna aliyeondoka mahali alipokuwa.

Mimi nilipiga besi katika mchezo wa namna hii miaka kadhaa iliyopita, na nitaeleza tulikoangukia kwa sababu naliona shimo lilelile mbele ya mleta mada. Mwandishi wetu alikuwa mtu mwema na mwenye kipaji, lakini alituletea andiko lililokamilika, na nyimbo zilikuwa zimeandikwa tu "hapa wimbo". Mtunzi akazijaza. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwigizaji aliyekuwa akicheza mke akaambiwa na mume jambo la kuvunja moyo, kisha mume akageukia hadhira akaimba kwa dakika 5. Yule mama alibaki amesimama na sinia la chai mkononi. Alipofika ubeti wa pili alianza kuvipanga vikombe upya. Alipofika ubeti wa tatu akatutazama sisi wapigaji kama anayeomba msaada. Hakuna aliyekuwa amemwandikia la kufanya, kwa kuwa mwandishi aliona ule ni wakati wa mtunzi, na mtunzi naye aliona jukwaa ni la mwandishi. Tulicheza mara 2 tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza rafiki yako si "wimbo huu unasogezaje hadithi?" Muulize, "wakati huyu anaimba, wenzake wanasikia au hawasikii?" Wakisikia, lazima wabadilike usoni na katika mstari wa kwanza wa mazungumzo yanayofuata. Wasiposikia, mwandishi awaondoe jukwaani au awape kazi. Mizimu ya King ina faida kubwa hapo: inaweza kuwapo, ikasikia yote, na isidaiwe jibu.

Jambo lingine ni la umbo. Mchezo ule uliporudi mwishoni mwa mwaka 2013 kwa ziara ya miji mbalimbali ya Marekani, ulianzia Bloomington, Indiana, nyumbani kwa Mellencamp, na ulikuwa umevuliwa mapambo mengi. Bendi ilikaa jukwaani mbele ya macho ya watu, waigizaji nao wakakaa humohumo, kila mmoja akinyanyuka zamu yake ilipofika, kwa namna inayofanana na mchezo wa redio. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora katika historia yote ya kazi hiyo. Kama mazungumzo na wimbo ni vitu viwili, acha watazamaji wavione ni viwili, badala ya kuvificha nyuma ya pazia na mandhari ya gharama. Kwa wenye mfuko mdogo kama sisi, hilo ni la kuigwa kesho asubuhi.

Msomaji wa Usiku

Naomba niongeze kazi nyingine mezani, kwa sababu mjadala huu unaweza kutufanya tudhani kwamba King na Mellencamp ndio waliofungua njia. Tarehe 31 Machi 1990, katika ukumbi wa Thalia mjini Hamburg, Ujerumani, ilizinduliwa The Black Rider. Nyimbo zilikuwa za Tom Waits, andiko lilikuwa la mwandishi wa riwaya William S. Burroughs, na mwongozaji alikuwa Robert Wilson. Kisa chake ni ngano ya kale ya Kijerumani: karani anampenda binti wa mlinzi wa msitu, lakini hataozwa mpaka athibitishe kuwa ana shabaha, naye hana. Ibilisi anampa risasi zisizokosa. Zote zinamtii karani, isipokuwa moja ambayo njia yake anaijua Ibilisi peke yake, na siku ya harusi inampata bibi arusi.

Angalieni jinsi kazi hizi mbili zinavyofanana ingawa zimepishana kwa zaidi ya miaka 20. Zote mbili zina Ibilisi, na katika zote mbili Ibilisi ndiye mwenye sauti ya kuvutia kuliko wote. Sioni kwamba ni bahati tu. Muziki wa roki umetoka tumboni mwa bluzi, na katika bluzi masimulizi ya mtu kukutana na shetani njia panda na kupewa kipaji kwa bei ya roho yake ni ya siku nyingi. Mwanamuziki wa roki akipewa Ibilisi amwandikie wimbo, yuko nyumbani.

Kinachonigusa zaidi ni Burroughs mwenyewe. Mwaka 1951, mjini Mexico City, alimpiga risasi mke wake Joan Vollmer akamuua, katika mchezo wa kilevi wa kuonyesha shabaha. Mtu huyo akaja kuandika, karibu miaka 40 baadaye, maneno ya mchezo kuhusu risasi inayomuua mpendwa wa mpigaji. Wilson na Waits walikwenda kumwona katika mji wa Lawrence, Kansas, alikokuwa akiishi uzeeni. Ndipo ninapoona tofauti na hoja ya Mwalimu kwamba mwandishi ashike matukio na mwanamuziki ashike hisia. Katika The Black Rider, uchungu mkubwa kabisa umo katika andiko, na nyimbo za Waits nyingi zina mwendo wa sarakasi na gwaride la barabarani, kama zinazokuita uje ushuhudie jambo la ajabu. Mgawanyo uligeuzwa, na kazi ikasimama.

Kwa hiyo, MshonaHadithi, kabla hujakubali kwamba rafiki yako ndiye mwenye dhamana ya moyo na wewe ndiye mwenye dhamana ya kisu, jiulizeni kati yenu ni nani ambaye jahazi lile linamuuma kweli. Huyo aandike uchungu. Mwingine aandike tanga na upepo.

Mwalimu wa Jukwaa

Besi_Nne, marahaba mwanangu. Hoja yako ya sinia la chai nitaibeba darasani kwa idhini yako. Msomaji wa Usiku, nimekubali. Nilikuwa nimeufanya mgawanyo ule kuwa sheria, na mfano wako unaonyesha kwamba ni chaguo.

Nimalizie upande wa haki, maana nimeona urafiki ukivunjika hapo. Katika tamthilia za muziki za Marekani kazi huhesabiwa kuwa na mafungu 3, yaani andiko, muziki na maneno ya nyimbo, na mara nyingi mapato ya watunzi hugawanywa kwa mafungu hayo sawasawa. Katika Ghost Brothers, King ana fungu la andiko, Mellencamp ana mafungu mawili yaliyobaki. Ninyi amueni sasa, kabla ya mchezo haujapendwa, maneno ya nyimbo ni ya nani. Mkichangia ubeti kwa ubeti, andikeni hivyo na muweke sahihi. Kwa walioko Tanzania, kazi za namna hii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo, ndipo pa kwenda kuandikisha. Msingoje mpaka bango la onyesho lichapishwe ndipo mgombee jina la nani litangulie.

MshonaHadithi (mleta mada)

Nimewasoma wote mara 2, na jana nilimsomea rafiki yangu kwa simu yale ya sinia la chai. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba baba yake mwenyewe alikuwa fundi wa kamba na hakuwahi kuniambia. Nilikuwa nikifikiri ile mikono ameibuni.

Nimerudi kwenye onyesho la tatu. Nimefuta mistari 14 ambamo yule mdogo alikuwa akieleza kwa nini anamwonea kaka yake uchungu, kwa kuwa wimbo unalisema hilo bila kulitaja. Kaka nimemweka ufukweni tangu mwanzo, amelala chini ya mtumbwi uliopinduliwa, na hadhira itajua kwamba anasikia. Limebaki swali moja ambalo hatujaelewana, naye anangoja majibu yenu kama mimi: wimbo uingie kabla kisu hakijatoka kiunoni, au baada?

Mwalimu wa Jukwaa

Kabla. Mtazamaji akishakiona kisu, atakuwa anaingojea kamba tu na hatawasikieni. Mwacheni aimbe akiwa ameishika kamba yenyewe kwa mikono yote miwili, na mmpe mwigizaji kamba ya kweli iliyosukwa, si ya nailoni.